Affect si kuathiri kila mara

Chukua sentensi hii, ya aina inayotumwa kila mara na benki, kampuni za simu na mifuko ya bima: "This change will not affect existing customers." Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba mabadiliko haya hayatawaathiri wateja wa zamani, na kisarufi hakuna atakayemshika kosa. Lakini msomaji wa Kiswahili akiipokea anaingiwa na wasiwasi ambao msomaji wa Kiingereza hakupewa. Kuathiriwa? Kwani kuna madhara gani yanayokuja? Kumbe aliyeandika alitaka kusema jambo dogo tu: mabadiliko haya hayawahusu wateja wa zamani.

Mtu akiulizwa maana ya affect, jibu la kwanza linalomjia ni kuathiri. Jibu hilo si la uongo. Shida ni kwamba maneno haya mawili hayana upana mmoja. Affect ni kitenzi kikavu: kinasema tu kwamba kitu kimoja kimefanya kingine kisibaki kama kilivyokuwa. Hakisemi kama ni kwa wema au kwa ubaya, kwa kiasi gani, wala kwa njia ipi. Habari hizo hutoka kwa maneno yanayokizunguka, na kubwa kuliko yote ni yambwa, yaani yule au kile kinachotendwa. Kiswahili kina desturi nyingine. Kinapenda kitenzi chenyewe kibebe habari hizo. Ndiyo maana kitenzi hiki kimoja cha Kiingereza kinadai vitenzi vyetu vitano au sita, na anayetuchagulia ni yambwa.

Tuanze na ugonjwa. "Tuberculosis mainly affects the lungs." Ukisema kifua kikuu huathiri mapafu utaeleweka, lakini muuguzi anayeongea na mgonjwa kwa lugha ya nyumbani atasema hushambulia mapafu, naye amepatia, kwa sababu yambwa ni kiungo cha mwili na mtendaji ni maradhi. Sasa ondoa mapafu, weka mtu na huzuni yake: "His death affected us deeply." Hapa kuathiri kunapotosha kabisa. Ukisema kifo chake kilituathiri sana, anayesikia atadhani mmepoteza mlezi, ada za watoto zimekwama, au mmoja wenu amepata ugonjwa wa akili. Kiingereza kilisema tu kwamba kilitugusa, kilituuma, kilituingia moyoni. Hata kivumishi kilichotokana na kitenzi hicho, affecting, hutumika kwa hadithi au hotuba inayogusa moyo, wala hakuna aliyeumia.

Yambwa likiwa ni watu mbele ya kanuni, sheria au tangazo, affect huwa ni kuhusu, kama tulivyoona kwa wateja wa benki. "Who is affected by the new tax?" ni swali la nani kodi mpya inamhusu, hata kama kodi hiyo imepunguzwa na kila inayemhusu atafurahi. Yambwa likiwa mazao, mapato, usingizi au masomo, ndipo kuathiri kunapokaa vizuri kwenye kiti chake: ukame umeathiri mazao, kelele zinaathiri usingizi wa mtoto. Hata hapo mwandishi makini hujiuliza kama hawezi kusema jambo lenyewe. Ukame umepunguza mazao. Kelele zinamkatiza mtoto usingizi. Affect huruhusu mtu kuripoti badiliko bila kusema ni badiliko gani, na mara nyingi Kiswahili kizuri hukataa ukimya huo.

Kuna affect nyingine tena, inayowashangaza wengi, nayo ni ya kujifanya. "He affects a British accent" haina maana kwamba mtu huyo anaiathiri lafudhi ya Waingereza. Ina maana kwamba anajitia Mwingereza anapoongea. "She affected ignorance" ni kwamba alijitia hamnazo. Mtu anayeitwa affected, bila neno lolote baada yake, anaweza kuwa mtu wa madaha na maringo ya kujifunza, si mhanga wa mafuriko. Maana hii inatokana na kitenzi cha Kilatini affectare, kutafuta kitu au kukitaka kwa bidii, wakati ile ya kubadilisha hali inatokana na afficere. Ni ndugu wa karibu, ila waliingia Kiingereza na kazi tofauti. Utaitambua kwa yambwa lake: karibu kila mara ni kitu ambacho mtu anaweza kukivaa kama sura, yaani lafudhi, upole, ujinga, mshangao, kutojali.

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa marafiki linaoandamana nao. Wakati huo ilikuwa rai tu. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1987, timu ya mwanaisimu John Sinclair mjini Birmingham ilichapisha kamusi iliyotokana na hazina kubwa ya matini yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, na kazi ya aina hiyo imeonyesha jambo ambalo kamusi za zamani hazikuliona. Kitenzi kinaweza kuwa hakina upande kwa maana yake, lakini kikawa na upande kwa mazoea. Affect ni mfano mzuri. Maana yake haina wema wala ubaya, ila marafiki zake wa kudumu ni adversely, badly, seriously na severely. "Affected areas" huwa ni maeneo yaliyokumbwa na mafuriko au ukame, wala si maeneo yaliyopata umeme. Kwa hiyo hata msomaji wa Kiingereza ana harufu fulani ya madhara anaposoma kitenzi hiki; kinachotofautiana ni ukali wake. Kwao harufu huondoka upesi ukibadilisha jirani. Kwetu imeshika.

Kwa nini imeshika? Athari ni neno la Kiarabu, na huko linataja alama inayobaki baada ya kitu kupita, nyayo kwenye mchanga, kovu baada ya kidonda. Hakuna ubaya wa lazima ndani ya nyayo. Katika uandishi wa kitaaluma wa Kiswahili neno hili bado linakaa katikati: tunasoma juu ya athari za Kiarabu katika Kiswahili, au kwamba mshairi fulani ameathiriwa na washairi wa Pwani waliomtangulia, na hakuna anayedhani mshairi huyo ameharibika. Lakini toka chuoni uingie sokoni, kwenye redio, kwenye taarifa ya habari. Huko athari ni madhara, na mwathirika ni mhanga.

Mahali ambapo pengo hili liligharimu watu hasa ni katika lugha ya UKIMWI. Hati za Kiingereza kuhusu janga hilo zilikuwa na jozi ya maneno yaliyotamkwa pamoja mara nyingi sana: infected and affected. Jozi hiyo ilikuwa imefikiriwa. Infected ni mwenye virusi mwilini. Affected ni yule ambaye maisha yake yamepinduliwa na ugonjwa hata kama yeye hana: mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili, bibi aliyerudi kulea wajukuu wakati alipotarajia kulelewa, mke anayemuuguza mume, shule iliyopoteza walimu. Watu hawa wa kundi la pili ni wengi kuliko wa kwanza, na Kiingereza kiliwapa kitenzi chao ili wasisahaulike katika bajeti na mipango.

Sisi tulikuwa na kuambukizwa kwa infected, na kuathiriwa kwa affected. Vingetosha. Kilichotokea ni kwamba magazeti, redio na hata mikutano ya hadhara ilichukua neno waathirika na kuwabandika wenye virusi wenyewe. "Waathirika wa UKIMWI" likawa jina lao. Affected ikameza infected, na kwa kufanya hivyo ikawatupa watu wawili kwa mkupuo. Bibi yule na wajukuu wake wakabaki bila neno. Na mwenye virusi, ambaye leo akitumia dawa anafanya kazi, anaoa au anaolewa, anazaa mtoto asiye na maambukizi, akabebeshwa jina la mtu aliyekwisha haribika.

Mzigo huo uko ndani ya sarufi yenyewe. Kiingereza kina kauli moja tu hapa, "affected by". Kiswahili kina mbili, kuathiriwa na kuathirika. Kuathiriwa kunamtazama mtendaji: kuna kitu nje yangu kimenifanyia jambo. Kuathirika kuko kwenye kundi la kuvunjika, kuharibika, kuchanika, vitenzi vinavyotaja hali ambayo sasa imo ndani ya kitu chenyewe. Kikombe kilichovunjika hatuulizi tena nani alikivunja, kimevunjika, basi. Kumwita mtu mwathirika ni kumweka upande huo wa sarufi. Wenyewe walilikataa jina hilo, na leo katika Tanzania maandishi ya afya yanasema watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa kifupi WAVIU. Kitenzi kilichowekwa pale ni kuishi, na nadhani huo ni mmoja wa uamuzi bora wa lugha tuliofanya katika miongo ya karibuni. Kilichobaki ni kumrudishia bibi kitenzi chake. Anayetafsiri ripoti leo akakuta "affected families" anaweza kuandika familia zilizoguswa na UKIMWI, au akataja moja kwa moja: familia zilizofiwa, familia zinazouguza.

Sasa tukitenganishe kitenzi hiki na jamaa yake mkubwa, influence. Wengi huwafanya mapacha, na Kiswahili hutusaidia kuwatofautisha kuliko tunavyojua, kwa sababu tuna kushawishi. Affect hubadilisha hali ya kitu. Influence huelekeza kile ambacho mtu atafikiri, atachagua au atafanya. Linganisha: "Her mother influenced her choice of career" na "Her mother's illness affected her choice of career." Katika ya kwanza mama ni mtu mwenye maneno na mfano wake, amemvuta binti kuelekea kazi fulani. Katika ya pili ugonjwa hauna ushauri wowote. Umemzuia tu binti asisome mbali na nyumbani. Mama anashawishi. Ugonjwa unabana. Mvua nayo haishawishi mahindi, na mwanafunzi anayeandika kwamba mvua "influenced" mavuno atasikika kidogo kama anayeipa mvua akili. Wanasayansi huandika hivyo wanapozungumzia vipengele vinavyochangia jambo fulani, na kwao inakubalika, lakini katika insha ya kawaida affect ndiyo salama.

Neno influence lina utoto wa ajabu. Kilatini cha zama za kati kilikuwa na influentia, mtiririko wa kuingia, na wanajimu wa Ulaya walilitumia kwa nguvu waliyoamini inatiririka kutoka kwenye nyota na kuingia katika maisha ya watu. Waitaliano walipoyaita maradhi ya mafua makali influenza, walikuwa wanamaanisha mtiririko huohuo. Nyota zilikwisha kuachwa, lakini wazo la nguvu isiyoonekana, inayoingia polepole bila kupiga hodi, lilibaki katika neno.

Na upole huo uliwahi kutumika dhidi yetu. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari kuanzia karibu na mdomo wa mto Umba, ukipita kaskazini ya Kilimanjaro hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Hawakuziita pande mbili za mstari ule makoloni. Waliziita "spheres of influence", na kila mmoja aliahidi kutoingia upande wa mwenzake. Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda bara. Hakuna Mdigo wala Mmasai aliyekuwa ameshawishiwa lolote. Wengi hawakujua hata kwamba mstari upo. Neno la kuvuta nia ya mtu lilitumika mahali ambapo nia ya mtu haikuulizwa. Vitabu vyetu vya historia vinapoandika maeneo ya ushawishi, mwanafunzi hupata picha ya majirani wenye heshima, na ni haki yake aelezwe kwamba maana ya kazi ya maneno yale ilikuwa maeneo ambayo dola moja imejitengea.

Tukirudi kwa affect, kuna kosa la sarufi ambalo halihitaji maelezo marefu. Affect hupokea yambwa moja kwa moja, bila kihusishi. Sentensi "The drought affected on our crops" si sahihi, na on ile imeingia kwa sababu ya "had an effect on", ambako on ni lazima. Kiswahili hakina lawama hapa, kwa kuwa kuathiri nako hupokea yambwa bila daraja: ukame umeathiri mazao yetu. Ukifuata mkondo wa Kiswahili utakuwa umepatia Kiingereza.

Effect ndiyo inayowasumbua watu zaidi, hata Waingereza wenyewe, kwa kuwa katika matamshi yao ya haraka herufi ya kwanza ya maneno yote mawili hufifia na kukaribiana sana. Kwetu tunaotamka a kama a na e kama e, masikio hayana shida. Shida ni ya kalamu. Kanuni ya shuleni husema affect ni kitenzi na effect ni nomino, na itakuvusha mara nyingi: dawa "affects" mgonjwa, na ina "effect" juu yake. Inapokwama ni ofisini. "Kindly effect payment by Friday." "Police effected an arrest." "Only the board can effect the transfer." Effect hapa ni kitenzi halali, na maana yake ni kutekeleza, kufanya kitu kitokee. Ukiandika "affect payment" umesema kitu kingine kabisa, kwamba malipo yaguswe au yavurugwe, na mhasibu atakuwa na haki ya kuuliza.

Viambishi vya Kilatini vinatosha kukuongoza. Maneno yote mawili yamejengwa juu ya facere, kufanya. Affect ina ad, kuelekea: kitendo kinaenda kwenye kitu ambacho tayari kipo na kukibadilisha. Effect ina ex, kutoka: kitendo kinatoa kitu ambacho hakikuwapo. Malipo hayakuwapo, yakafanyika, yalikuwa "effected". Malipo yalikuwapo, yakacheleweshwa na mgomo wa benki, yalikuwa "affected". Hivyo "to effect change" ni kuleta mabadiliko, na "to affect change" ni kuyagusa mabadiliko yaliyokwisha anza, labda kuyaharakisha, labda kuyakwamisha. Wanasiasa wengi wanaoandikiwa hotuba kwa Kiingereza hukusudia ya kwanza. Nomino effect nayo ina pembe zake: "with effect from 1 July" kwenye barua ya kazi ni kuanzia tarehe 1 Julai, hakuna athari yoyote ndani yake, na "personal effects" kwenye fomu za forodha bandarini ni vitu vya mtu binafsi, nguo, vyombo na vitabu vyake.

Affect kama nomino ipo pia, lakini utaikuta zaidi kwa madaktari wa magonjwa ya akili. Mkazo wake uko mwanzoni, na inataja hisia jinsi zinavyoonekana usoni na sautini mwa mgonjwa. "Flat affect" ni uso usioonyesha furaha wala huzuni.

Haya yote yangekuwa mambo ya darasani kama si kazi iliyo mezani sasa. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria yake ya tafsiri ya sheria, Sura ya 1, ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, na kitenzi affect kimejaa katika sheria zilizorithiwa kutoka Kiingereza. Sheria za aina hii katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza zina kanuni inayofanana. Ile ya Kenya, Sura ya 2, kifungu cha 23, inasema kwamba sheria ikifutwa, kufutwa kwake "shall not affect" haki, fursa, wajibu au dhima iliyopatikana chini ya sheria hiyo. Soma tena orodha ile. Haki na fursa ni vitu ambavyo mtu hataki viguswe. Lakini wajibu na dhima ni mizigo, na aliyenavyo angefurahi mno viguswe.

Mfanyabiashara alikuwa anadaiwa ada chini ya sheria iliyofutwa. Akisoma kwamba kufutwa huko hakutaathiri dhima yoyote, na masikio yake ni ya Kiswahili cha kila siku, anaweza kujenga hoja: kuathiri ni kudhuru, kufuta deni langu hakumdhuru mtu, kwa hiyo kifungu hakizuii deni langu kufa pamoja na sheria. Kwa Kiingereza hoja hiyo haina pa kusimama, maana affect inazuia kila badiliko, liwe la kumbana au la kumpunguzia. Mfasiri wa kifungu kama hicho afadhali aache kuathiri kando na aandike kwamba kufutwa kwa sheria hakutabadili, hakutapunguza wala hakutaondoa haki, fursa, wajibu au dhima yoyote. Ni vitenzi vitatu badala ya kimoja, na hakimu wa mahakama ya mwanzo atajua deni lipo.